Waranti ya nyumba Malindi: kampuni inataka shilingi 48,000 kwa mwaka, je, inafaa?

Mkaazi wa Muyeye aliuliza:

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi na ndugu zangu tumemnunulia mama yetu nyumba hapa Muyeye, upande wa kuelekea baharini, kutoka kwa Mtaliano mmoja aliyeamua kurudi kwao. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na nyumba imekuja na vyombo vyake vyote: viyoyozi vitatu, friji kubwa, mashine ya kufulia nguo, hita ya maji, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu, pamoja na nyaya za umeme ambazo fundi aliyezikagua amesema ni nzima ingawa si changa. Hatukupewa risiti wala karatasi yoyote ya matengenezo, na mlinzi aliyekuwa akiitunza nyumba hakumbuki ni lini viyoyozi viliwahi kufunguliwa.

Kabla hatujamaliza kuhamia, alitufikia afisa wa mauzo wa kampuni moja ya Mombasa inayouza kile inachokiita waranti ya nyumba. Ada ni shilingi 48,000 kwa mwaka, na kila fundi anapoitwa sisi tunalipa shilingi 2,500. Kampuni hutengeneza au kubadilisha chombo kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida, kwa kikomo cha shilingi 40,000 kwa kila chombo na shilingi 120,000 kwa nyumba nzima kwa mwaka. Siku 30 za mwanzo hakuna dai linalopokelewa. Mkataba una kurasa 11, na kurasa 5 kati ya hizo ni za mambo yasiyohusika.

Kaka yetu mkubwa, aliye Marekani, anasisitiza tununue kwa sababu yeye anayo huko na imemfaa. Dada yetu anasema fedha hizo ziwekwe kwenye SACCO, na chombo kikiharibika tuzitoe. Mimi ndiye niliye karibu, na ndiye nitakayepigiwa simu maji yakikatika, kwa hiyo nimeomba muda kabla ya kutia saini. Nyumba tayari ina bima ya moto na wizi. Je, hii waranti ni bima ya pili au ni kitu kingine kabisa? Na ikiwa inafaa, mtu huitambuaje kampuni ya kutegemewa?

---

Mzaliwa wa Malindi, Houston alijibu:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimeishi huku Texas kwa miaka mingi, na mkataba wa namna hiyo nilikuwa nao kwenye nyumba yangu ya kwanza, kisha kwenye nyumba ya pili sikuuchukua. Kaka yako hajakosea kwa kule aliko. La kujiuliza ni kama sababu zinazomfaa yeye zipo na Muyeye.

Biashara hii huku ina umri wa zaidi ya nusu karne, kwani American Home Shield, ambayo ni miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa, ilianzishwa mwaka 1971. Tangu hapo imeshikamana na uuzaji wa nyumba zilizokwisha kukaliwa. Mnunuzi huwa amemaliza akiba yake yote kwenye malipo ya awali ya mkopo, anaingia katika nyumba yenye mtambo wa joto na baridi uliozeeka, na mtambo huo ukifa mwezi wa tatu hana cha kununulia mwingine. Muuzaji naye, ili nyumba itoke haraka, mara nyingi humlipia mnunuzi ada ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo wengi walio na waranti huku hawakuichagua. Waliikuta kwenye mafungu ya makaratasi ya kununulia nyumba, wakaizoea.

Jambo la pili, nalo ndilo zito, ni bei ya mkono wa fundi. Huku ada ya mwaka ni dola mia kadhaa, na kila ziara ya fundi kwa kawaida ni kati ya dola 75 na 125. Fundi bomba wa kujitegemea akigonga mlango wako siku ya Jumamosi, hajashika spana na tayari umemlipa kiasi hicho au zaidi, na saa zake huendelea kuhesabiwa. Anayelipa dola 100 akapata kazi ya saa tatu ameokoa fedha hata kama kipuri kilichobadilishwa ni cha dola 20. Malindi hesabu imegeuka juu chini. Mkono wa fundi ni nafuu na kipuri ndicho ghali, na mkataba wako umeweka kikomo palepale kwenye kipuri. Kompresa ya kiyoyozi ikifa, shilingi 40,000 zinaweza zisitoshe, na utaongeza mwenyewe juu ya ada uliyokwisha kulipa.

Ugomvi wa huku karibu wote huzunguka vifungu viwili. Kimoja ni cha hali iliyokuwepo kabla ya mkataba kuanza, na kingine ni cha matengenezo duni. Fundi anayekuja ameletwa na kampuni, analipwa na kampuni, na ndiye anayeandika kwenye ripoti kwamba hitilafu ni ya zamani au kwamba chombo hakikusafishwa. Wewe uliyenunua nyumba bila karatasi moja ya matengenezo utamjibu kwa ushahidi gani? Kisha kuna kifungu cha fedha taslimu: kampuni ikiona kutengeneza hakufai, inaweza kukupa pesa badala ya chombo, na mara nyingi hukupa kiasi ambacho chombo kingeigharimu yenyewe kwa bei yake ya jumla. Dukani kiasi hicho hakikununulii chombo kile.

Msichanganye pia na waranti ya mjenzi. Nyumba mpya huku kwa kawaida huja na ahadi ya mjenzi mwenyewe, aghalabu mwaka 1 kwa kazi na vifaa, miaka 2 kwa mitambo ya maji, umeme na hewa, na miaka 10 kwa kasoro kubwa za kuta na msingi. Hiyo imo ndani ya bei ya nyumba, na mwenye nyumba mpya anayenunua waranti nyingine juu yake katika mwaka wa kwanza analipia kwa kiasi kikubwa kitu alichonacho.

La mwisho ni usimamizi. Hapa Texas kampuni za mikataba hii lazima ziwe na leseni, na tangu 2021 zinasimamiwa na idara ya leseni ya jimbo. California huzisimamia kupitia idara yake ya bima. Na bado Federal Trade Commission, tume ya serikali kuu inayolinda watumiaji, imelazimika kuwaonya watu kuhusu barua za kuuza waranti zinazoandikwa kana kwamba zimetoka kwa benki iliyowakopesha. Ikiwa kwenye usimamizi huo wote watu hudanganywa, muulize afisa wako nani anayemsimamia yeye, na akupe jibu kwa maandishi.

---

Wakala wa bima, Lamu Road alijibu:

Ndugu Mkaazi, ninauza bima hapa Malindi, na msomaji ayapime maneno yangu akilijua hilo.

Bima hulipia tukio, waranti hulipia uchakavu. Mkataba wa bima ya nyumba tunaouuza nchini huwa na vifungu A hadi F: jengo, vyombo vya ndani, vitu vya thamani vinavyotembea nawe, wafanyakazi wa nyumbani wakiumia kazini, dhima ya mwenye nyumba, na dhima ya mkaaji. Ndani yake mna moto, radi, wizi, dhoruba, mafuriko, na maji yanayomwagika kutoka kwenye matangi na mabomba yaliyopasuka. Uchakavu, kutu na kuharibika kidogo kidogo havimo. Kwa hiyo tangi la juu likipasuka usiku likalowesha dari na magodoro, bima hutazama dari na magodoro. Tangi lenyewe, likiwa lilioza kwa uzee, ni lako. Pampu ikiungua kwa kuchoka, ni yako. Waya wa pampu hiyo ukiwasha moto ukachoma jiko, hapo tunazungumza. Hakikisheni kwanza kwamba bima mliyonayo inataja thamani ya leo ya nyumba na si ile ya wakati wa Mtaliano, maana nyumba iliyokatiwa bima ya nusu ya thamani yake hulipwa nusu ya hasara, na pengo hilo linaweza kuwa kubwa kuliko friji na viyoyozi vyote kwa pamoja. Kama kuna banda la makuti uani, litajeni pia, kwa sababu makuti hubadilisha bei ya bima, na usipoyataja utajibishwa siku ya dai.

Kuhusu sheria, anayefanya biashara ya bima Kenya lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 487, na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Muulize afisa wa mauzo swali moja: mnauza bima au mnauza huduma? Akisema bima, omba leseni na ulinganishe jina, herufi kwa herufi, na orodha ya IRA. Akisema huduma, basi ni mkataba wa kawaida wa kazi, na mkikorofishana usitarajie IRA ikusikilize. Utakuwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 na sheria ya kawaida ya mikataba, na mlango wako ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na imewekewa siku 60 za kumaliza shauri. Kushinda hukumu dhidi ya kampuni isiyo na mali ni shughuli nyingine, kwa hiyo kabla ya kulipa chukua karatasi ya usajili wa kampuni iitwayo CR12 kwa njia ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone wakurugenzi ni akina nani. Kampuni iliyosajiliwa juzi na inayotaka ada ya mwaka mzima mbele imenipa mashaka kabla hata sijasoma mkataba.

Wapo wateja wangu wanaoona uzito wa kidini katika kulipia jambo lisilojulikana kama litatokea. Kwa upande wa bima, takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu, ipo nchini tangu 2011. Kwa upande wa waranti sijaona mfano wake hapa, na ambaye jambo hili linamgusa amuulize shekhe wake na wala si mimi.

---

Bi wa Langoni, Lamu alijibu:

Mwanangu Mkaazi, nimesoma majibu ya hao wawili nami naongeza la Lamu, kwa kuwa kampuni za namna hii zimefika na huku, na nyumba ninayoitunza ya jamaa zetu iliingizwa kwenye mkataba kama huo. Kampuni sitaitaja.

Kwenye karatasi iliandikwa kwamba fundi atafika ndani ya saa 48. Hita ilipokufa, fundi alifika Mokowe ndani ya saa 48, akapiga simu kutoka gatini akiuliza nani anamlipia boti ya kuvukia. Mkataba ulisema ziara, haukusema ziara inaishia wapi. Tukalipa boti, akaja, akafungua hita, akasema kifaa kilicholiwa na chumvi hanacho, akarudi Mombasa kukitafuta. Familia ilioga maji baridi kwa muda ambao fundi wetu wa hapa Langoni angekuwa ametengeneza hita tatu. Kifaa kilipokuja, ripoti ikasema kimeharibiwa na ukoko wa maji ya kisima, na ukoko haumo kwenye mkataba. Maji ya kisima ndiyo tuliyonayo. Hatukuyaleta kwa makusudi ili kuharibu hita.

Kwa wenye nyumba za mawe za mji wa kale ninasema jambo moja zaidi. Kampuni ile ilitaka pia kuchukua matengenezo ya kuta, na fundi wao alikuja na mfuko wa saruji. Kuta hizi ni matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Ukizipaka saruji unyevu hubaki ndani, plasta hubanduka, na mbao za boriti huoza vichwani zinapoingia ukutani. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba hizi huwezi kuzigusa kama utakavyo bila kuwauliza watu wa makumbusho. Mkataba unaompa mgeni haki ya kuchagua vifaa vya kutengenezea ni mkataba wa kuukataa, hata ukiwa wa bure. Nyumba yako ya Muyeye haimo katika sheria hizo za urithi, lakini kwa kuwa nayo ni ya matumbawe, soma kifungu cha vifaa kabla ya kifungu cha bei.

---

Fundi wa viyoyozi, Maweni alijibu:

Mimi sina mengi ya sheria. Ninatengeneza viyoyozi na friji kuanzia Mayungu hadi Mambrui, na nitawaeleza ninachokikuta nikifungua mtambo wa nje wa kiyoyozi uliotazama bahari.

Mapezi ya alumini yaliyo nyuma ya mtambo yakishakula upepo wa Kusi wa misimu michache bila kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yanakuwa meupe, kisha yanameguka ukiyagusa kwa kidole, mithili ya kaki iliyosahauliwa juani. Bomba la shaba linakuwa kijani kwenye viungo, na gesi inavuja pale pale palipokuwa na kijani. Skurubu za kifuniko zimeliwa vichwa, bisibisi haina cha kushika, kwa hiyo naanza kazi kwa kutoboa. Mabano ya chuma yanayoshikilia mtambo ukutani yamevimba kwa kutu hadi yamepasua plasta. Nikimaliza kuangalia, najua kwamba kilichoua kiyoyozi ni chumvi, na mwenye kiyoyozi anaita uchakavu wa kawaida. Kampuni itaita kutu. Ndugu Mkaazi, hebu tafuta neno kutu katika zile kurasa 5. Likiwemo, basi kwa nyumba inayotazama bahari umeuziwa mkataba uliotolewa kiini.

Jingine ni umeme na maji. Friji nyingi ninazoletewa hazikufa kwa uzee; umeme ulipotea, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, na kadi ya umeme iliyo ndani ya friji ikaungua. Pampu nazo hufa maji ya mfereji yanapokatika, maana inavuta hewa tupu usiku kucha mpaka inaungua. Angalia kama kuyumba kwa umeme na pampu kukauka vimetajwa kama matumizi mabaya. Stabilaiza ya friji na swichi ya boya kwenye tangi la chini ni gharama ya mara moja, na zinazuia kile ambacho waranti itakataa kukilipia.

Na ukitaka kuijua kampuni, usiulize ina wateja wangapi. Uliza mwezi wa Disemba fundi wake wa Malindi ni nani. Disemba nyumba zote za wageni kuanzia Casuarina hadi Watamu zina watu, viyoyozi vyote vimewashwa kwa pamoja, na mimi mwenyewe simu siwezi kuzimaliza. Kampuni isiyokuwa na fundi anayelala Malindi, yenye mpango wa kumtoa mtu Mombasa mwezi huo, itakupa namba ya kusubiri. Uliza pia spea zinawekwa wapi.

---

Mkaazi wa Muyeye aliongeza:

Nawashukuru nyote, na Bi wa Langoni, shikamoo mama yangu. Nimefanya mlivyoniagiza.

Neno kutu limo, mara tatu. Mara ya kwanza ni kutu inayotokana na mazingira ya bahari, ya pili ni kutu ya viungo vya mabomba, na ya tatu imefungwa pamoja na ukoko wa madini. Kuyumba kwa umeme kumo. Pampu kukauka hakukutajwa kwa jina, ila kuna sentensi inayotaja matumizi kinyume na maagizo ya kiwanda, na maagizo ya kiwanda ya pampu yetu hatunayo. Nilipomuuliza afisa wa mauzo kama wanauza bima au huduma, alisema ni huduma yenye ulinzi kama wa bima. Nilipomwomba aandike jibu hilo kwenye barua pepe, alisema atalipeleka kwa wakubwa zake, na barua pepe iliyokuja ilikuwa ya kunipunguzia ada hadi shilingi 41,000 ikiwa nitalipa kabla ya mwisho wa mwezi. Swali langu halikujibiwa. Kuhusu fundi wa Malindi, alinipa jina la mtu ambaye nilipompigia aliniambia aliwahi kuwafanyia kazi mwaka jana na bado anawadai.

Nimemweleza kaka yetu kwa simu, hasa ile hoja ya mkono wa fundi na kipuri, naye amekubali kwamba huko kwake analipia hasa saa za fundi. Tumekubaliana kutochukua mkataba huo. Hata hivyo dada yetu naye hajapata kila alichotaka, kwa sababu fedha zinazowekwa kwenye SACCO bila utaratibu zitaliwa na harusi ya kwanza itakayotokea, na viyoyozi vitabaki vilivyo. Kwa hiyo kila mmoja wetu watatu atachanga shilingi 4,000 kwa mwezi katika akaunti ya nyumba ya mama, ambayo kuitoa kunahitaji sahihi mbili, na katika hizo tunataka kumpa fundi mmoja mkataba wa kuosha na kukagua vyombo, na zinazobaki ziwe za kubadilisha chombo kitakachokufa. Cha kwanza kufa naona kitakuwa kiyoyozi cha chumba cha mbele.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwa Ndugu Wakala: je, siku tukinunua kiyoyozi kipya, waranti ya kiwanda itatufaa, au nayo itakimbilia kutu? Na kwa Fundi wa Maweni: mkataba wa namna hiyo wewe huuandikaje?

---

Wakala wa bima, Lamu Road alijibu:

Waranti ya kiwanda kwa kawaida ni mwaka 1 kwa chombo kizima, na kompresa mara nyingi huongezewa miaka. Nyingi zina sharti kwamba chombo kifungwe na fundi aliyeidhinishwa na muuzaji, kwa hiyo mkimpa fundi wenu akifunge, ulizeni kwanza dukani ili msiipoteze siku ya kwanza. Kuhusu kutu, someni kadi ya waranti mkiwa bado dukani, na muulize kama wana mtambo wa nje wenye koili iliyopakwa kinga ya chumvi; ipo, bei yake iko juu kidogo, na kwa nyumba iliyo karibu na maji nisingenunua nyingine. Risiti iandikwe namba ya chombo na jina la mama yenu mwenye nyumba. Piga picha ya risiti hiyo na ya kadi, kwa maana karatasi ya risiti za siku hizi hufutika yenyewe kabla ya mwaka kwisha. Halafu nitumieni waraka wa bima yenu niutazame ile thamani ya jengo. Kwa hilo sitozi chochote.

---

Fundi wa viyoyozi, Maweni alijibu:

Naandika ukurasa mmoja. Naorodhesha kila chombo, chapa yake, namba yake, na hali niliyokikuta nayo, pamoja na picha, ili baadaye asije mtu akasema kitu kiliharibika mikononi mwangu au mikononi mwenu. Viyoyozi vya upande wa bahari ninaviosha kila baada ya miezi mitatu, na mara moja ya lazima ni Kusi inapomalizika. Vya upande wa nyuma mara mbili kwa mwaka vinatosha. Hita naifungua mara moja kwa mwaka kutoa ukoko, na pampu naisikiliza kila nikija. Kuosha kiyoyozi kimoja ni shilingi 3,000, gesi na spea mnanunua wenyewe dukani kwa risiti yenu, na mimi nalipwa mkono tu. Sichukui fedha ya mwaka mzima mbele. Nalipwa nikimaliza, na kila nikija naacha karatasi iliyotiwa sahihi, hiyo ndiyo kumbukumbu ya matengenezo ambayo Mtaliano hakuwaachia.

Kuhusu kile kiyoyozi cha chumba cha mbele, msikinunulie mbadala kabla sijakiona. Kama koili imeliwa lakini kompresa bado inavuta, kuna koili za kuchongesha Mombasa, na mtambo wa nje tunaweza kuuhamishia upande wa ukuta wa kaskazini, mbali na upepo wa Kusi. Nitapita Jumatatu baada ya alasiri. Mwambieni mlinzi aache ngazi karibu na tangi.